Wanafunzi na Wapande Mashua

Katika kisiwa cha Unguja, ambacho upana wake haufiki kilomita 40, mtoto aweza kuzaliwa, kulelewa, kutiwa chuoni na skuli, kusoma miaka kumi na zaidi, na kufaulu mtihani wa elimu ya viumbe kwa kuchora samaki na kuandika majina ya mapezi yake, bila ya kupata hata siku moja kuinamisha uso wake majini akamtazama samaki yule akiogelea. Jambo hili limezoeleka kiasi cha kutomshangaza mtu tena, na mimi naona lastahili kutushangaza na kutuhuzunisha pamoja, kwa kuwa sisi ni kaumu iliyoletewa na bahari dini yake, biashara yake, riziki yake na sehemu kubwa ya maneno inayoyasema, na haielekei kuwa watoto wa kaumu kama hiyo waijue bahari kwa kuisoma ubaoni tu, kama wanavyosoma habari za theluji.

Muradi wa makala haya ni kuleta hoja moja: kwamba kumpandisha mwanafunzi mashuani, kumfikisha penye kina, na kumtia mkononi ala za kupimia, ni sehemu ya taalimu anayoistahiki kila mtoto wa pwani, na kwamba gharama yake yapasa kubebwa na wenye dhamana ya elimu kama wanavyobeba gharama ya madawati na chaki. Wako wanaoiona safari ya namna hiyo kuwa ni zawadi ya waliobahatika, au tafrija ya kufungia mwaka. Kwa heshima zote, nahitalifiana nao.

Nianze na kazi yenyewe, maana wengi wakisikia habari ya safari ya wanafunzi baharini hufikiri nyimbo, biriani na picha. Safari ninayoikusudia ni ya kazi. Mashua hufika mahali palipochaguliwa kabla, nanga ikatiwa, na watoto wakagawanywa mafungu. Fungu la kwanza hutia bildi, ile kamba yenye risasi ambayo manahodha wetu wamepimia maji tangu zama za kale, na huhesabu pima zake mpaka risasi iguse chini. Fungu la pili hushusha kisahani cheupe kilichofungwa kwenye kamba yenye alama, ambacho wataalamu hukiita kisahani cha Secchi, kwa jina la Angelo Secchi, padri wa Kitaliano na mjuzi wa elimu ya nyota, aliyekitumia mwaka 1865 kupimia uangavu wa maji ya bahari ya Mediterania. Kisahani hushuka, weupe wake ukafifia, kikatoweka, na hapo mtoto huisoma kamba, kisha akakivuta taratibu mpaka kikaonekana tena, akaisoma mara ya pili, na kati kwa kati ya hesabu zile mbili ndipo anapokipata kipimo chake. Seremala yeyote wa mtaani aweza kukichonga kisahani hicho kwa kipande cha ubao na rangi.

Fungu la tatu hutia kipimajoto majini, na hudondosha tone moja la bahari juu ya kioo cha chombo kidogo ambacho, kikielekezwa kwenye mwanga, humwonyesha mwenye kuchungulia kiasi cha chumvi kilichomo: aghalabu gramu 35 au karibu yake katika kila kilo moja ya maji ya bahari yetu, na pungufu ya hapo mbele ya midomo ya mito mikubwa kama Rufiji na Pangani, mvua za masika zikiisha kunyesha bara. Fungu la nne, nanga ikisha kung'olewa, hukokota nyuma ya shetri wavu wa kitambaa chenye matundu madogo mno, na kinachobaki katika chupa ya mwisho wa wavu huonekana kwa macho kuwa ni maji yenye vumbi, lakini tone lake likiwekwa chini ya hadubini huwa ni dunia nyingine kabisa: vimea vya chembe moja vyenye maganda ya mfano wa kioo, vijidudu vya jamaa ya uduvi vyenye jicho moja tu katikati ya kichwa, na makinda ya kaa yasiyofanana na kaa hata kidogo. Mtoto huyo akiambiwa wakati ule, jicho lake likiwa bado juu ya hadubini, kuwa karibu nusu ya oksijeni inayotengenezwa na mimea ya ulimwengu mzima hutengenezwa na vimea vielevyo baharini ambavyo yeye anaviona sasa, haelekei kulisahau neno hilo, na akilisoma kitabuni baadaye atalisoma kama mtu asomaye habari za ndugu yake.

Lakini faida iliyo kubwa kuliko zote haimo katika kuona. Imo katika kukhitalifiana. Mtoto mmoja husoma kamba akasema mita 11, mwenziwe akasema mita 12, wote wawili wakamgeukia mwalimu, na mwalimu hana jibu. Darasani mwalimu analo jibu siku zote, limeandikwa katika kitabu chake, na mwanafunzi hufanya kazi ya kubahatisha kile ambacho mwalimu anakijua tayari. Na hata pale panapofanywa majaribio ya maabara, matokeo yake yalijulikana kabla mtoto hajazaliwa, naye akipata tafauti huambiwa kuwa amekosea. Mashuani hakuna mtu, awe mwalimu, nahodha au mwandishi wa vitabu, anayejua maji ya mahali pale yana uangavu gani asubuhi ile, kwa hivyo hapana budi kisahani kishushwe tena, na safari hii kwenye upande wa kivuli ili mng'aro wa jua usiyadanganye macho, na mwingine asome, na hesabu zote ziandikwe, hata ile inayodhaniwa kuwa ghalati. Mwanafunzi aliyepitia saa moja ya namna hiyo amekwisha kuelewa, bila ya hotuba, kwamba maarifa hutafutwa, na kwamba hata watoto wa skuli ya kijijini waweza kuyatafuta.

Hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Kusini ya mji wa Unguja, kiasi cha kilomita 12 hivi, kipo kisiwa kidogo cha Chumbe, chenye mnara wa taa uliojengwa mwaka 1904, na upande wake wa magharibi pana mwamba wa matumbawe ambao kwa miaka mingi haukuvuliwa sana, kwa kuwa ulikuwa kando ya njia ya vyombo vinavyokwenda na kurudi Dar es Salaam. Mwaka 1994 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar iliutangaza mwamba huo, wenye eneo la hekta 33, kuwa hifadhi isiyovuliwa, na dhamana ya kuuangalia ikapewa shirika lililoanzishwa kwa juhudi ya Bi Sibylle Riedmiller, Mjerumani aliyekuwa akifanya kazi za maendeleo katika nchi hizi, ambaye shabaha yake tangu mwanzo ilikuwa watoto wa hapa wapate mahali pa kusomea bahari. Zimehesabiwa hapo aina zaidi ya 400 za samaki na aina karibu 200 za matumbawe magumu, ambayo ni sehemu kubwa mno ya zote zijulikanazo katika Afrika ya Mashariki, na mwaka 2000 hifadhi hiyo ikatunukiwa na Umoja wa Mataifa miongoni mwa watu na taasisi zilizotukuzwa kwa kuyahami mazingira.

Wanaowaongoza watoto huko ni walinzi wa kisiwa, na walinzi wa mwanzo walikuwa wavuvi wa vijiji vya jirani, watu waliokuwa wakiutazama mwamba ule kwa jicho la mwenye mshipi na ndoana, wakafundishwa kuutazama kwa jicho jingine bila ya kulipoteza lile la kwanza. Hawachukui silaha. Mvuvi akikosea njia akaingia hifadhini humwendea kwa maneno, humweleza kuwa samaki wakizaana ndani ya mipaka huvuka wakaenda kujaza maji yaliyo nje, na hilo ndilo somo lile lile wanalowapa watoto. Naamini kwamba sehemu kubwa ya mafanikio ya Chumbe yatokana na uteuzi huo wa walimu, kwani mtoto wa Chukwani au Kizimkazi humwamini upesi mtu anayesema kama babake na mwenye mikono iliyochubuliwa na kamba.

Na yapo pale mambo yasiyofundishika vyema penginepo. Mtoto huvaa miwani ya kuzamia, akashikilia boya, akalala juu ya maji akitazama chini, na kile alichokuwa akikidhani maisha yake yote kuwa ni jiwe akakiona kina midomo. Kwani tumbawe ni mji wa wanyama wadogo sana, kila mmoja na mikono yake ya kuchukulia chakula, na ndani ya miili yao wamevipangisha vimea vya chembe moja ambavyo hunywa mwanga wa jua na kuwalipa wenye nyumba kwa sukari. Ndiyo sababu matumbawe hutaka maji mangavu, na ndiyo sababu kile kisahani cheupe, kilichoonekana mchezo wa kitoto juu ya mashua, ghafla hupata maana. Maji yakichafuka kwa udongo, mwanga haufiki. Maji yakipata joto la nyuzi moja tu kupita kiasi cha kawaida cha msimu wa joto, na joto hilo likadumu kwa majuma, wanyama huvifukuza vimea vile, rangi ikatoka, tumbawe likabaki jeupe kama chokaa, na joto lisipopungua kwa wakati likafa kwa njaa. Hivyo ndivyo ilivyokuwa mwaka 1998 katika sehemu kubwa ya magharibi ya Bahari ya Hindi, na ikarudia mwaka 2016. Kipimajoto cha mtoto, ambacho asubuhi kilikuwa namba tu katika daftari, mchana huwa ni khabari ya uhai na mauti ya kile alichokiona kwa macho yake.

Hata hivyo, nikiisha kuisifu Chumbe nataka niseme jambo ambalo wakati mwingine sifa hulifunika. Hifadhi ile hujiendesha kwa fedha za wageni wanaokuja kulala katika nyumba chache zilizojengwa kisiwani, na safari za wanafunzi hulipiwa kutokana na fedha hizo. Mpango huo ni wa busara na insafu, na waliouweka wanastahili shukrani. Lakini mwaka 2020, maradhi yalipofunga viwanja vya ndege na hoteli za pwani nzima zikakosa wageni, kila jambo jema lililotundikwa kwenye msumari wa utalii lilitikisika, na ndipo mwenye akili alipopaswa kujiuliza: kwa nini somo la mtoto wa Zanzibar juu ya bahari ya Zanzibar litegemee kama familia ya Ulaya imeamua kusafiri mwaka huu au haikuamua? Taifa halingekubali hesabu au lugha zifundishwe kwa mapato ya hoteli. Wizara ya Uchumi wa Buluu na Uvuvi imeundwa mwaka 2020 huo huo, na tangu hapo pametajwa sana utajiri uliomo baharini, nami naafiki kwamba umo. Ila utajiri huo utahitaji watu wa kuupima, kuulinda na kuufanyia hesabu, na watu hao kwa sasa wako katika madarasa ya msingi na sekondari, wakichora samaki.

Nije katika habari ya mabinti, ambayo naiona ni nzito kuliko zote zilizotangulia. Kilimo cha mwani kilianza Zanzibar mwaka 1989, katika vijiji vya mashariki kama Paje na Jambiani, na wakulima wake tangu siku hizo wamekuwa wengi mno wanawake, waliofunga mbegu kwenye kamba baina ya vijiti katika maji ya magotini, wakapata fedha zao wenyewe kwa mara ya kwanza, wakasomesha watoto na kuezeka nyumba mabati. Aina ya mwani yenye bei nzuri, inayojulikana kwa jina la kotonii, haistahimili joto, na maji ya kina kifupi yalipozidi kupata joto ikaanza kufa, wakabaki na aina nyingine ambayo bei yake ni duni. Dkt. Flower Msuya, mtaalamu wa mwani aliyefanya kazi miaka mingi katika Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambayo ipo hapa Zanzibar tangu mwaka 1978, alionyesha kwamba kotonii ingeweza kulimwa penye kina zaidi, ambako maji ni baridi, kwa kuitia ndani ya neti ndefu za mfano wa bomba. Dawa ikawa imepatikana. Kizuizi kikawa kwamba penye kina pataka chombo na pataka kuogelea, na wanawake wengi waliokuwa wameishi na bahari umri wao wote walikuwa hawajui kuogelea, kwa kuwa hakuna aliyewafundisha walipokuwa wadogo, na jamii iliona kuwa kuogelea ni kwa wanaume.

Hapa ndipo somo la mashuani linapoacha kuwa jambo la vitabu likawa jambo la chungu cha jioni. Binti wa darasa la sita aliyefundishwa kuelea, kwa mavazi yake ya stara, na mwalimu mwanamke akiwa naye majini, akafundishwa kusoma kipimajoto, akaona kwa hesabu yake mwenyewe kwamba maji ya magotini yamezidi joto kuliko maji ya mita nne, huyo atakapokuwa mkulima wa mwani hatangoja mtaalamu aje kumweleza ni kwa nini kotonii imekufa. Wapo wazee watakaosema kwamba haya hayaendi na ada zetu. Nawaomba wakumbuke kwamba kuufunza mwili kujiokoa ni katika kuihifadhi nafsi, na kwamba mavazi, nyakati na walimu vyaweza kupangwa vikaafikiana na heshima. Mahali palipopangwa hivyo wazazi wamekubali.

Sitaidharau hofu ya wazazi, kwa sababu si hofu ya ujinga. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba mwaka 2011 meli ya Spice Islander, iliyojazwa watu kupita kiasi, ilizama ikielekea Pemba, na haukupita mwaka, tarehe 18 Julai 2012, meli ya Skagit ikazama katika bahari iliyochafuka ikitoka Dar es Salaam, na mahali ilipozamia ni karibu na hicho hicho kisiwa cha Chumbe ninachokisifu. Hakuna mtaa wa mjini usiojua nyumba iliyokosa mtu. Mzazi anayekataa kumwandikia mwanawe ruhusa ya kwenda baharini anayo hoja, na hoja yake haijibiwi kwa kumwambia asiogope, hujibiwa kwa vitendo anavyoweza kuvikagua: jaketi la kuokolea la kipimo cha mtoto kwa kila mtoto, lifungwe kabla mguu haujatoka pwani, majina yaandikwe na yahesabiwe wakati wa kupanda na wakati wa kushuka, chombo kisipakie zaidi ya idadi iliyoandikwa ubavuni mwake, hata kama amebaki mtoto mmoja analia, na nahodha awe na haki ya kuahirisha safari asubuhi ile ile bila ya kulaumiwa na mkuu wa skuli aliyekwisha kupika wali wa watu mia.

Fauka ya hayo kuna jambo la majira, ambalo wazee wetu wangelishangaa kuona twahitaji kukumbushana. Skagit ilizama katika kusi. Mwezi wa Juni hadi Agosti upepo huo huwa katika nguvu zake, bahari husimama mawimbi, na maji huchafuka, lakini ratiba zetu za skuli, zilizopangwa kwa mihula na mitihani, zaweza kabisa kuitupa safari ya bahari katika Julai kwa sababu ndipo palipopatikana nafasi. Mwenye kupanga mafunzo haya aanze kwa kuuliza upepo. Malelezi, pale kusi inapokufa na kaskazi haijasimama, maji hutulia na kuwa mangavu, na kaskazi yenyewe, kuanzia Disemba hadi Machi, huwa na siku nyingi njema, hasa asubuhi. Muhula na uifuate bahari katika jambo hili moja.

Na anayejua hayo ni nani, kama si mvuvi? Napendekeza, na nalipendekeza kwa dhati, kwamba kila safari ya wanafunzi iwe na walimu wawili: mmoja wa skuli, na mmoja mzee wa bahari wa kijiji kile kile, alipwe ujira wake kama mwalimu wala si kama kibarua wa kushika usukani. Mwalimu wa skuli atawaeleza watoto jinsi mwezi na jua vinavyoyavuta maji, kwa nini maji hujaa na kupwa mara mbili kila siku yakichelewa kiasi cha dakika 50 kwa siku, na kwa nini mwezi mwandamo na mwezi mpevu huleta bamvua, ambapo tafauti ya maji makavu na maji makuu katika mlango wa Unguja hukaribia mita nne. Mzee wa bahari atawaonyesha jinsi anavyojua, bila ya jedwali, ni saa ngapi mwamba utaota kesho, na ni siku gani za maji mafu ambapo hakuna faida ya kwenda kuchokoa pweza. Watoto wapime kwa kijiti chenye alama kilichosimamishwa pwani, walinganishe maneno ya wote wawili, na waandike. Mara nyingi watayakuta yamekubaliana, na pale yanapotafautiana ndipo pa kudadisi zaidi. Elimu ya mzee huyo haijaandikiwa kitabu, na kila mwaka tunawazika wachache katika waliokuwa nayo.

Nimemtaja pweza, na yeye ni mwalimu mzuri wa peke yake. Huishi kiasi cha mwaka mmoja au zaidi kidogo, na katika muda huo mfupi hukua kwa kasi ya ajabu, kiasi ambacho mwamba ukifungwa kwa miezi michache tu pweza wanaochokolewa siku ya kufunguliwa huwa na uzito mkubwa kuliko wa kawaida. Wanakijiji wa Andavadoaka, huko Madagaska, walilijaribu jambo hili mwaka 2004, na vijiji vya kwetu, Kisiwa Panza cha Pemba kikiwa miongoni mwao, vimelifuata. Siku ya kufungua mwamba ni siku ya mizani, kwani kila pweza hupimwa, na uamuzi wa kufunga tena au kutofunga hutegemea hesabu ile. Na mimi sioni sababu yoyote kwa nini wanaoshika mizani na kalamu siku hiyo wasiwe wanafunzi wa skuli ya kijiji, kila mmoja na jedwali lake, na wiki inayofuata hesabu hizo ziwe ndizo somo la wastani na la grafu. Huko Gazi, kusini ya Mombasa, wanakijiji hupima unene wa mikoko yao, na tangu mwaka 2013, kwa mradi uitwao Mikoko Pamoja, hulipwa kwa kaboni ambayo miti hiyo imeihifadhi, na fedha zikanunua vitabu vya skuli na kuleta maji ya bomba. Mti usiopimwa haukulipa kitu.

Pingamizi ninalolisikia mara kwa mara kutoka kwa walimu wenzangu, na ambalo nalikubali kuwa na nguvu, ni la mtihani: kwamba mwanafunzi hatoulizwa uangavu wa maji, ataulizwa sehemu za jani, na siku nzima ya mashuani ni siku iliyoibiwa kutoka katika muhtasari usiokwisha. Mwalimu asilaumiwe kwa hili. Yeye hupimwa kwa matokeo, na mtu hufanya kile anachopimiwa. Mitaala mipya iliyoanza kutumika Tanzania mwaka 2024 inasema kuwa mwanafunzi apimwe kwa anachoweza kukitenda. Basi na kauli hiyo itimizwe. Daftari la bahari la mwanafunzi, lenye tarehe, saa, hali ya upepo, vipimo, makosa yaliyokatwa kwa mstari mmoja ili yaendelee kusomeka, na maelezo yake mwenyewe ya kwa nini namba ya leo haikufanana na ya mwezi uliopita, liwe na alama katika matokeo yake. Likiwa na alama, wakuu wa skuli wataitafuta mashua wenyewe.

Kuhusu gharama, sitaki kumdanganya mtu kuwa ni ndogo, lakini ziko chini kuliko inavyodhaniwa na wale ambao wakisikia sayansi hufikiria chombo cha utafiti kilichopakwa rangi nyeupe. Mashua ya mbao ya kijijini iliyokaguliwa, mashine yake, mafuta ya kwenda na kurudi, majaketi yanayotumika na skuli kumi kwa zamu, hadubini mbili zinazokaa pwani chini ya kivuli, na visahani vilivyochongwa na fundi wa mtaa: hayo yatosha kwa kuanzia. Aghali zaidi ni kumtayarisha mwalimu, ambaye naye aghalabu hajapata kutia kichwa majini, na huyo ndiye wa kuanza naye, apelekwe yeye kwanza, pamoja na walimu wenziwe, awe mwanafunzi kwa siku kadhaa kabla ya kuwachukua watoto wa watu.

Naliweka, basi, pendekezo langu mbele ya wizara mbili, ile ya elimu na ile ya uchumi wa buluu, ili zikae pamoja kabla ya kaskazi ijayo. Kila wilaya yenye pwani, Unguja na Pemba, ichague mahali pamoja baharini, pasipokuwa mbali, na papewe jina na alama. Skuli za wilaya zipokezane hapo kila malelezi na kila kaskazi, zikipima vitu vile vile kwa njia ile ile, na nakala ya madaftari ipelekwe Taasisi ya Sayansi za Bahari, ambako wataalamu watatoa majibu kwa maandishi, wakiwaambia watoto ni hesabu ipi imewasaidia na ipi inahitaji kurudiwa. Madaftari yenyewe yabaki skulini, katika kabati lenye kufuli, ili mwanafunzi wa mwaka 2040 aweze kulinganisha joto la siku yake na joto lililosomwa na shangazi yake mahali pale pale, kwa bamvua ile ile. Na fedha za mafuta ya mashua hizo ziandikwe katika kasma ya elimu, penye mstari wake wenyewe, ambapo Baraza la Wawakilishi laweza kuuona na kuuliza kila mwaka kama umetumika.